R ya Tecla

Kuna watu kazi yao kucheka matamshi ya wenzao, na Wiston alikuwa baba lao. Yeye ndiye mwalimu wa taaluma katika shule moja binafsi mjini Biharamulo, na mitihani yote ya kompyuta aliitunga na kuisahihisha mwenyewe. Tecla, Mhangaza wa Murusagamba, alifundisha somo hilo kwa kujitolea miaka miwili. Siku hiyo alifanyiwa usaili na Wiston mbele ya mkuu wa shule: akifaulu anaajiriwa, akishindwa anafungasha virago.

Swali likatolewa: andika programu ya kubadilisha 13 kuwa bainari, yaani namba ya sifuri na moja tupu. Tecla akatabasamu. Gawa kwa mbili, kinachobaki weka pembeni, gawa tena mpaka namba iishe. Hata maharage nyumbani kwao aliyagawa hivyo.

Akaandika upesi, na kompyuta ikakataa. Palipotakiwa *while*, amri ya kurudia kazi mpaka namba iishe, Tecla alikuwa ameandika *whire*. Kihangaza, lugha ya kwao, hakina shughuli na L, na mkono ulikuwa umefuata ulimi.

"Whire!" Wiston akacheka mpaka miwani ikamshuka. "Mwalimu, rudi Murusagamba ukarime maharage!"

Tecla alichemka. Alitamani kumrushia kibodi. Miaka miwili ya kufundisha bure, leo anafanywa kichekesho kwa herufi moja! Akairekebisha, akabonyeza. Ikatoka 1101.

Wiston akachungulia karatasi yake ya majibu. "Kosa. Jibu ni 1011."

"Umesoma mabaki kuanzia juu," Tecla akasema kwa hasira. "Yanaanzia chini. Tuiurize kompyuta yenyewe."

Akaiamuru irudishe hiyo 1011 kuwa namba ya kawaida. Ikaandika 11.

"Umeanza na kumi na tatu, Mwarimu. Mbiri zimeenda wapi?"

Petronila, mkuu wa shule, akasogeza kiti akasoma kioo cha kompyuta. "Wiston, swali hili si ndilo ulilowapa kidato cha pili?"

"Ndilo, Mkuu. Mwaka huu na mwaka jana."

Hapo Tecla akamkumbuka Melania, mwanafunzi wake, aliyewahi kusimama mlangoni akilia, karatasi mkononi, 1101 yake imekatwa kwa wino mwekundu. Tecla hakuitazama hata kidogo. Alimwambia akajisomee vizuri. Hasira zote alizokuwa nazo kwa Wiston zikamgeukia mwenyewe.

"Mwalimu Tecla, kazi ni yako," Petronila akasema.

"Asante, Mkuu. Kwanza naomba karatasi zao za mtihani, za miaka yote miwiri. Siondoki hapa mpaka nizimarize kuzisahihisha upya."

Wiston akainuka kuzitoa kabatini. Safari hii hakuna aliyeicheka R ya Tecla.