Bi Time na Kamba za Jumapili

Kazi ya Bi Time ilikuwa kuinua watu. Katika nyumba ya wazee huko Lewisham, London, aliwatoa kitandani, akawaogesha, akawavisha, akawaketisha dirishani, na jioni akawarudisha walikotoka. Alikuwa mtu wa Wete, umri umepita hamsini, ameachika zamani. Binti yake Zainab alikuwa na nyumba yake, na akiulizwa kwa Kiswahili hujibu kwa Kiingereza. Tangu aachwe, hakuna aliyemshika Bi Time ila wale wazee, nao humshika kwa kuogopa kuanguka.

Habari za kamba alizisoma kwenye simu. Wako watu wazima ambao kwa hiari yao hufungana kamba mikono na kifua, na anayefungwa hutulia kwa kuwa hana tena la kufanya. Alisoma, akafuta, akasoma tena. Mwisho, Jumapili moja mchana, alipanda ngazi za ukumbi mdogo juu ya duka la mazulia, mkoba kaukumbatia.

Mwenyeji alikuwa Jaswinder, mama wa Kisikh mzaliwa wa Nairobi.

"Mama, toa viatu, kaa. Hapa hakuna mtu ataliwa."

"Na wakiniuliza jina?"

"Jipe lolote. Hapa hatuulizi mtu jina lake la kweli, wala kwao. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza."

Sheria nyingine zilihusu mwili, na Jaswinder alizirudia kila wiki. Kamba haipiti shingoni. Ubavuni mwa mkono, juu ya kiwiko, upo mshipa wa fahamu usiobanwa. Makasi ya kukatia bendeji yawe karibu, na aliyefungwa haachwi peke yake hata kidogo. Kila mtu huchagua neno lake la kusimamisha. Bi Time alichagua "ndimu".

Aliyemfunga mara ya kwanza ni Mwingereza mpole. Bi Time alihisi ganzi kwenye kidole gumba, lakini Kiingereza chake hakikuja, na ndimu akaona haya kuitaja. Siku chache baadaye kikombe kilimponyoka kazini.

"Ulinyamaza kwa nini?" Jaswinder alifoka.

"Keshakaa chini anahangaika na mimi, nimkatishe tena?"

"Haya yako itakulemaza mkono, mama!"

Tangu hapo Bi Time alitaka kitu kimoja tu: afungwe na mtu wa lugha yake, apate kusema "inauma" bila kufikiri kwanza. Alingoja majira ya baridi yote. Kisha akatokea mwanamume aliyejiita Sam, mwenye kamba za katani alizozilainisha mwenyewe, na Jaswinder akamnong'oneza Bi Time, "Huyu anaongea Kiswahili chenu."

Walizungumza Jumapili mbili kabla ya kamba kufunguliwa: magoti mabovu ya Bi Time, lile gumba, wapi aguswe na wapi asiguswe. Ya tatu akamfunga, nguo mwilini, mtandio kichwani.

"Vidole?"

"Vina moto."

"Hapa panabana?"

"Panabana. Shusha kidogo. Hapo hapo."

Hakuhitaji kutafuta neno. Mabega yakamshuka, machozi yakamtoka bila kilio. Kwa mara ya kwanza tangu afike London hakuna mtu aliyekuwa akimngoja amwinue. Na katika raha hiyo, akiwa amefumba macho, akauliza kama anavyoulizwa kila mtu wa kwao akikaa naye karibu:

"Weye mtoto wa nani?"

Naye akajibu kama anavyojibu kila mtu wa kwao. "Wa fundi Nassor, yule wa cherahani, wa Chachani."

"Fundi Nassor! Basi Ummukulthum si dadako? Kaolewa na kaka yangu Abdulwakil! Weye ndiye Muhiddin wa Maskati! Lo, shemeji yangu!"

Alicheka kwa furaha, mikono ingali nyuma. Mikono ya Muhiddin ilikuwa imesimama.

Alimfungua bila haraka, fundo kwa fundo. Akamkagua vidole kimoja kimoja, akamletea maji, akakaa mpaka akayamaliza. Hakukosea hata sheria moja.

"Sitamwambia mtu," Bi Time alisema.

"Najua. Lakini weye ushajua. Samahani, shemeji."

"Sheria ya kwanza, mama," alisema Jaswinder mlango ulipofungwa nyuma ya Muhiddin.

"Kwetu ile ndiyo salamu."

Siku ya Idi ndugu walikusanyika Tottenham kwa Abdulwakil. Ummukulthum akamvuta mkono. "Wifi, njoo umwone kaka yangu, ndiyo kwanza kahamia Hayes! Au mwajuana?"

"Wapi! Ndiyo kwanza namwona."

"Shikamoo, shemeji," alisema Muhiddin.

"Marahaba."

Muhiddin alimpa kikombe cha kahawa. Macho yake yalikwenda kwenye vidole vya Bi Time, yakasita hapo, kisha yakashuka chini.

Bi Time hakurudi tena ukumbini, asije akamfukuza Muhiddin mahali pake. Miezi ikapita, Jaswinder akampigia simu kazini.

"Rudi, mama. Nitakufunga mimi."

"Na Sam?"

"Sam? Sam hajakanyaga hapa tangu siku ile."

Bi Time aliegemea ukuta wa korido. Mahali alipomwachia Muhiddin pamekaa bure. Chumba cha pili mzee mmoja alikuwa akiita. Akaaga, akatia simu mfukoni, akaenda kumwinua.