Bibi Aliyesema Ameelewa

Ipo siku moja ambayo haijanitoka moyoni, mwanangu, na nakusimulia leo kwa sababu umevaa sare ya uuguzi kwa mara ya kwanza. Ilikuwa enzi za ruksa. Maduka ya dawa yalikuwa yameanza kufunguliwa hadi vijijini, ila makabati ya zahanati yetu ya serikali yalikuwa matupu nusu ya mwezi. Mimi nilikuwa muuguzi msaidizi, msichana wa Itigi, baba yangu akifanya kazi reli. Nilipangiwa kijiji kimoja cha Iramba, mwendo mrefu kwa miguu kutoka Misigiri. Kinyiramba sikukijua, zaidi ya salamu.

Siku hiyo mganga wetu, Mzee Msengi, alikuwa ameitwa kikao wilayani. Nikabaki peke yangu na foleni iliyotoka mlangoni hadi juani.

Akaja bibi mmoja akiitwa Bibi Tabu, amembeba mjukuu wake Elia mgongoni. Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na kitu. Mwili ulikuwa wa moto, lakini alikuwa mchangamfu, akaninyang'anya kalamu. Mama yake alikuwa amekwenda Singida mjini kuuza alizeti. Nikaona ni malaria, nikaamua kumpa klorokwini ya maji.

Dawa ile ilikuja kwenye chupa kubwa, nasi tulimmiminia mgonjwa kwenye chupa aliyokuja nayo. Elia alihitaji kidogo sana, kijiko kimoja cha chai kwa siku, siku tatu basi. Lakini bibi alikuwa ametoka mbali. Nikamwonea huruma, nikamjazia nusu chupa ya soda, nyingine ibaki akiba. Nilijiona mtu mwema, mwanangu.

"Kijiko kimoja, siku tatu," nikamwambia. "Umeelewa, bibi?"

"Ee, mwanangu. Ahsante."

Nikaita mwingine.

Kesho yake kabla ya adhuhuri nikasikia Elia amefariki. Mzee Msengi aliporudi alikwenda moja kwa moja msibani kutoa pole, akarejea na ile chupa ya soda mkononi. Ilikuwa karibu tupu. Akafunga mlango, akakaa.

"Pale nyumbani kijiko ni kimoja tu," akasema. "Kile kikubwa cha kupakulia mboga. Bibi alimpa mtoto walipofika, akampa jioni, akampa tena alfajiri. Amezoea dawa ni kutwa mara tatu. Ulimwambiaje?"

"Nilimwelekeza, mzee. Nikamuuliza kama ameelewa, akasema ndiyo."

Akaiweka chupa mezani mbele yangu.

"Mtu mzima, mbele ya foleni ya majirani zake, anaulizwa na binti mwenye sare nyeupe, kwa Kiswahili asichokijua vizuri, kama ameelewa. Wewe ulitaka akujibu nini?"

Nikaanza kulia. Hakuninyamazisha.

"Sikiliza," akasema. "Huko wameanza kusema bibi amemla mjukuu wake kwa uchawi. Amekaa peke yake nyuma ya nyumba. Hakuna anayempelekea hata maji."

Nitakueleza ukweli wangu wote, kwa sababu bila huo hadithi hii haina faida kwako. Niliposikia hivyo, kabla ya huruma, nilipata nafuu. Nilifikiri kama lawama iko kwa bibi, basi haiko kwangu. Wazo hilo lilinipitia kichwani na bado nalionea aibu kuliko kosa lenyewe.

Nadhani Mzee Msengi aliliona usoni mwangu. Akasimama. "Chupa kubwa hiyo mimi ndiye niliyeiweka pale bila kijiko cha kupimia. Nilijua haina. Twende wote."

Tulifika msibani wanaume wamekaa nje, wanawake ndani. Mama yake Elia alikuwa amesharudi, hata vumbi la safari hajanawa. Mzee Msengi aliomba Bibi Tabu na wanawake waitwe uani, kisha akaniambia niseme. Nikasema kwa Kiswahili, yeye akigeuza kwa Kinyiramba: kwamba dawa ile ilimzidi mtoto, kwamba niliitoa nyingi, sikumwonyesha bibi kipimo wala sikuhakikisha amenipata. Kwamba bibi alifanya kile alichodhani nimemwagiza. Mzee akaongeza la kwake, la kijiko cha kupimia.

Baba yake Elia aliinuka, nikadhani atanipiga, akaondoka. Bibi Tabu alisema maneno machache kwa Kinyiramba, na Mzee Msengi akanigeuzia kwa shida: "Anasema angeoneshwa, angeweza."

Mama yake Elia hakunisamehe siku ile, na sikuwa na haki ya kumwomba anisamehe. Lakini aliinuka, akavuta mkeka wake, akaenda kukaa kando ya mama mkwe wake. Wanawake wengine wakamfuata, mmoja mmoja. Mmoja akaleta maji.

Nilipewa barua ya onyo, nikakaa kijijini pale miaka sita. Nilijifunza Kinyiramba kwa kuwauliza wagonjwa wenyewe, wakinicheka.

Mwanangu, usimuulize mgonjwa kama ameelewa. Mwombe akuonyeshe atakavyofanya akifika nyumbani, na akikosea ujue wewe ndiye hukueleza vizuri, umwelekeze tena kwa upole hata kama foleni inanung'unika. Huruma yako isikufanye uache kipimo. Na ukikosea, maana utakosea, sema siku hiyo hiyo, kwa mdomo wako, kwa wale uliowaumiza, kabla mtu asiye na hatia hajabebeshwa mzigo wako.

Mungu akupe macho ya kumwona kila anayeketi mbele yako, akupe ulimi usioogopa kukiri, na wote watakaopita mikononi mwako wafike makwao salama. Nenda, mwanangu. Nakuombea.