Kigingi Namba Arobaini na Moja

Nazrullo Sharifov alikuwa mlinzi wa vigingi vya kupimia ardhi. Usicheke, ndiyo kazi aliyopewa miaka kumi na tisa iliyopita, wataalamu wa mafuta walipopima bonde zima la Khatlon, wakaandika kwamba chini ya tabaka la chumvi "uwezekano ni mkubwa," wakaacha vigingi vyao vyenye namba, wakakunja mahema yao. Enzi za Warusi pia uwezekano ulikuwa mkubwa. Kijijini Chashmadara watu bado wanapikia samadi iliyokaushwa.

Vigingi vingine viliishia jikoni. Kilibaki kimoja, juu ya kilima, na utepe wake mwekundu. Mwanamke mmoja mpita njia akadhani pale pamezikwa walii, akafunga leso yake, akaomba mtoto. Akajifungua mapacha. Basi! Mwaka haukuisha, kigingi kikawa hakionekani kwa vitambaa, na Nazrullo, aliyejua ukweli wote, akawa anapokea mikate na mapaja ya kondoo kama sheikh wa ziara. Aibu aliiona, ila si wakati wa kula.

Kilichomkosesha raha ni binti yake. Savrigul, mwaka wa saba kwenye ndoa bila mtoto, alipanda kilima kila Jumatano na kitambaa kipya. Baba mtu hakuthubutu kumwambia ukweli. Mwoga mkubwa yule.

Mwaka huu wataalamu wamerudi kupima upya. Injinia Rahmatov alifika kilimani akihema, ramani mkononi, akamkuta Savrigul anafunga kitambaa na baba yake kando.

"Mzee, kigingi changu kiko wapi?"

"Hapa kalala walii, injinia. Mstari wenu upitisheni kule chini."

"Walii gani? Anaitwa nani?"

 Miaka yote hiyo Nazrullo hakuwahi kufikiria jina.

"Arobaini na Moja," Savrigul alisema bila kugeuka. "Limeandikwa hapa chini ya vitambaa, kwa rangi. Najua kusoma, baba."

"Ulijua? Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Sasa unafuata nini huku, mwanangu?"

"Niende wapi? Madaktari wa mjini Kulob wamenikatia tamaa." Akamgeukia mgeni. "Na wewe injinia, hii safari ya ngapi ya kutafuta mafuta?"

"Ya nne."

"Umepata?"

"Uwezekano ni..." Akakohoa. Akatoa kalamu, akachora mstari mpya unaokizunguka kilima, akateremka bila kuaga.

Nazrullo, aliyekula mikate ya pale miaka yote bila kuomba hata siku moja, alishika ncha ya pili ya kitambaa cha binti yake, akaomba.