Makumbi ya Mama

Nikiyamwagia maji makumbi ya nazi, harufu yake hunirudisha uani kwetu Bwejuu. Mama alikuwa akiitandikia miti yake ya asumini makumbi yaliyoloweshwa, ili mchanga wa jua kali usiiunguze mizizi. "Laleni, wanangu," akiiambia. Mimi, mwanawe wa kumzaa, nilikaa kizingitini nikiionea wivu. Alipoingia kusali alasiri, niliyatupa makumbi yote.

Kesho yake asumini ilikuwa imenyauka. Mama hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Nani kawafunua wenzio?"

Leo kazi yangu ni kutandaza makumbi kwenye bustani za hoteli. Kila nikimaliza tuta, nalitazama lilivyofunikwa vizuri, na bado nalionea wivu.