Mluzi Katika Injini ya Oluoch

Mafundi wa pikipiki wa Bondo walikuwa wamekataa kuigusa pikipiki ya Oluoch. Wa kwanza alisema hana spana inayofaa. Wa pili alifika mpaka langoni, akaisikia ikinguruma, akageuka bila hata kuaga. Ndipo Valarie, mke wa Oluoch, alipomkumbuka Nanyama.

Nanyama alikuwa na kibanda cha kutengeneza pikipiki huko Migosi, Kisumu, nyuma ya nyumba za kupanga ambako Valarie aliishi kabla ya kuolewa. Alikuwa mwanamke wa makamo, Mbukusu wa Chwele, mwenye mabega mapana na maneno machache. Baba yake, mzee Naswa, aliendesha kinu cha kusaga mahindi, na Nanyama alilelewa juu ya magunia, injini ikimbembeleza. Ikikohoa, mtoto aliamka. Alipokuja Kisumu kumsaidia dada yake Jentrix kuuza nguo, alijikuta akisimama gereji zaidi kuliko sokoni, mpaka Jentrix akachoka. "Basi nenda ukakae na hizo injini zako," alimwambia, "maana hapa unanifukuzia wateja." Akaenda, na hakurudi kwenye nguo tena. Mwanzoni wanaume walimcheka. Baadaye walizoea kumwona ameinama juu ya injini, ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma na mpini wake sikioni, macho ameyafumba kama mtu anayesikiliza siri.

Valarie alipompigia simu, alizungumza kwa sauti ya kunong'ona.

"Fundi, pikipiki ya mume wangu inapiga mluzi."

"Hiyo ni hewa inaingia mahali haifai, mama. Ni kitu kidogo."

"Hapana, fundi. Inapiga mluzi wake."

"Wa nani?"

"Wa Oluoch."

Nanyama aliiweka spana chini. Habari za msiba wa nyumba ile zilikuwa zimemfikia. Oluoch alikuwa akibeba samaki kwa pikipiki kutoka ufukweni hadi soko la Bondo. Siku moja aliingia ziwani kuwasaidia wenzake kutoa nyavu, upepo ukawapindulia mashua. Wenzake waliokolewa wakiwa wameng'ang'ania mitungi ya plastiki. Oluoch hakuonekana. Walimtafuta mpaka gugumaji likaja likaifunika ghuba yote, kijani kitupu, maji hayaonekani.

Siku iliyofuata Nanyama alifunga vifaa vyake kwenye pikipiki yake akaenda. Boma lilikuwa mlimani kidogo, likitazama ziwa. Aliwakuta Valarie, mama mkwe wake, na Griffins, mdogo wake Oluoch. Hakukuwa na kilio wala hema. Palikuwa na utulivu usiopendeza, wa watu wanaosubiri jambo lisilokuja.

Griffins alimvuta kando akamweleza. Wazee wa ukoo walikuwa wamesema inatosha. Mtu akipotea majini asipatikane, huzikwa tunda la mti wa yago badala yake, lile refu zito, ili roho yake itulie na nyumba yake iendelee. Tunda lilikuwa limeshachumwa, limelazwa kwenye kivuli cha ghala limefunikwa shuka. Nanyama alilitazama mara moja tu akaondoa macho. Chini ya shuka lilikuwa na umbo la mtoto aliyelala.

"Sasa mama amekataa tusizike," Griffins alisema. "Siku tulipotaka kuchimba kaburi, niliwasha hiyo pikipiki niende kununua saruji. Ikapiga mluzi. Mama akaanguka. Oluoch akikaribia nyumbani alikuwa anapiga hivyo, tumfungulie lango. Sauti mbili, moja chini, moja juu. Tangu siku hiyo mama anasema mtoto wake anakuja, hatuwezi kumzika."

"Na wewe unaiendesha?"

"Siwezi, dada. Nikiachilia mafuta, haitulii. Inapanda yenyewe. Ni kama kuna mtu mwingine ameshika."

Pikipiki ilikuwa imesimama chini ya mwembe mdogo, imepanguswa ikang'aa. Mama mkwe alikaa kando yake kwenye kigoda, mkono mmoja juu ya kiti, kama mtu anayemshika ng'ombe asiondoke. Alimwangalia Nanyama kuanzia miguuni hadi kichwani.

"Umekuja kumfukuza?" aliuliza.

"Nimekuja kuisikiliza tu, mama."

Nanyama akawasha. Injini ilinguruma, ikapanda, ikashuka, ikapanda tena, bila mkono wa mtu. Kisha mluzi ukatoka. Fyuu, chini. Fyuuiii, juu. Valarie aliingia ndani akafunga mlango. Nanyama alikuwa amesikia injini za kila namna maishani mwake, lakini vinyweleo vya mikono yake vilisimama. Ile haikuwa sauti ya chuma. Ilikuwa na pumzi ndani yake.

Akajilazimisha kuinama. Kati ya kabureta na injini, pale hewa inapovutwa kwa nguvu, palikuwa na vipaipu viwili vidogo visivyotumika. Kimoja kilikuwa cha kifaa cha kupunguza moshi, ambacho Oluoch alikiondoa zamani kama wanavyofanya wengi. Kingine kilikuwa cha bomba la mafuta la aina ya zamani. Vilipaswa kuzibwa kwa vifuniko vya mpira. Mpira wa kwanza ulikuwa umepasuka kwa jua. Wa pili haukuwepo kabisa. Hewa ilijipenyeza humo, injini ikapata hewa nyingi kuliko mafuta, ikawa inahangaika kupanda na kushuka.

Akaweka kidole kwenye kipaipu kilicho wazi. Sauti ya juu ikakatika. Ikabaki ya chini peke yake, ikilia.

"Usimzibe mdomo!" mama mkwe alipiga kelele akainuka. "Usimzibe mwanangu mdomo!"

Nanyama akaondoa kidole haraka. Sauti zote mbili zikarudi. Akazima injini, akapiga magoti mbele ya yule mzazi.

"Mama, ni tundu. Kuna matundu mawili hapa, hewa inaingia. Nisipoyaziba, injini itaungua."

"Na tundu limejuaje kumwita mama yake?"

 Nanyama alijua kila kitu kuhusu matundu yale, ila hilo hakulijua, na alikuwa na adabu ya kutodanganya.

Mlango ukafunguka. Valarie alitoka, macho mekundu, akaja akasimama karibu na mama mkwe wake bila kumgusa. "Mama," alisema polepole, "mimi pia ninamsikia. Kila ikiwashwa naacha mboga jikoni nakimbia langoni. Kila mara hakuna mtu. Siwezi tena, mama. Wacha fundi afunge."

 Mama mkwe akamgeukia Nanyama. "Washa. Na unionyeshe hapo mahali."

Nanyama akawasha, akaushika mkono ule mkavu, akakipeleka kidole cha mama kwenye kipaipu. Injini ilikifyonza. Ngozi ilivutwa ndani, kidogo tu, kama mdomo wa mtoto mchanga unavyovuta ziwa. Mama mkwe alishtuka, lakini hakukitoa. Machozi yalianza kumtiririka.

"Ananivuta," alisema. "Oluoch, unanivuta wapi?"

 Injini ilihangaika, mluzi wa chini ukalia, na yule mama akabaki hivyo, ameinama, kidole chake ndani ya pumzi ile. Mwishowe alikitoa mwenyewe, akakipangusa kwenye leso.

"Funga," alisema. "Nimeshamsikia."

Nanyama alitoa vifuniko vipya vya mpira kwenye mkoba. Akaudondosha mpira mmoja vumbini ikabidi auoshe kwa petroli. Akafuta vipaipu, akasukuma mpira wa kwanza mpaka mwisho, akaubana kwa klipu, halafu wa pili. Akanyunyiza maji kidogo kuzunguka pale kuona kama injini itabadilika. Haikubadilika. Ilitulia ikanguruma sawasawa, taratibu, kama pikipiki yoyote ya mtu yeyote.

"Imekwisha," alisema.

Ndipo mluzi ukasikika.

Fyuu. Fyuuiii.

Nanyama alidhani ni masikio yake. Akaweka viganja juu ya mipira. Ilikuwa imebana. Akazima injini kabisa. Boma lote likanyamaza, hata kuku. Na mluzi ukaja tena, mwembamba, kutoka chini, kutoka ziwani.

Griffins alikuwa amegeuka rangi. "Mmesikia?"

 Mama mkwe ndiye aliyetangulia kuteremka, bila viatu, na wao wakamfuata. Ufukweni walimkuta mvuvi mmoja, Ouma, amesimama ameshika kasia, anatazama ghuba. Upepo ulikuwa umebadilika mchana ule. Gugumaji lililoziba kila mahali lilikuwa linasogea, zito, pamoja, na katikati yake umefunguka mfereji wa maji meusi.

"Nani anapiga mluzi?" Ouma aliuliza. "Nimeita, hajibu."

Griffins na Ouma wakaingia na mashua kwenye ule mfereji. Wanawake walibaki kwenye mchanga. Nanyama aliona mashua ikisimama, akaona Griffins akivua shati lake na kulitandaza juu ya kitu majini, kisha akaweka uso wake mikononi. Alijua kabla hawajarudi. Koti la mvua lilikuwa bado limefungwa hadi shingoni. Valarie ndiye aliyelinunua.

Walimzika Oluoch mwenyewe, nyumbani kwake, upande unaomstahili mwenye nyumba. Lile tunda la yago Griffins alilipeleka mbali na boma, hakusema wapi. Nanyama alikuja mazishini, wakamkalisha na wanawake wa nyumba ile, naye akashinda nao akimenya ndizi. Watu walikuwa na maelezo mengi. Wengine walisema ni upepo kwenye mianzi ya kuanikia nyavu, wengine ndege. Walimuuliza fundi. Alisema vipaipu alivifunga vizuri, na hicho ndicho anachokijua.

Siku hizi Valarie ndiye anayeiendesha ile pikipiki, hubeba samaki mpaka Bondo, na ikihitaji mafuta mapya ya injini huileta Migosi. Nanyama humfanyia kazi yake kwanza kabla ya wengine. Huwasha, huegemeza sikio kwenye mpini wa bisibisi, hukaa hapo muda mrefu kuliko inavyohitajika. Valarie naye humtazama usoni, wala hamuulizi anasikia nini.