Mwalimu Aliyeogopa Kunikosoa

Naziweka kumbukumbu sawa, kwa kuwa hapa Kilosa inasimuliwa kwamba nilijifunza Kiingereza uzeeni kwa kupenda makuu. Si kweli. Nilijifunza kwa sababu nilinyimwa kazi.

Nilistaafu nikiwa karani wa masijala ya serikali, na majalada yote niliyoyatunza yaliandikwa kwa Kiswahili. Baba yangu alikuwa fundi wa reli, na mashamba ya mkonge niliyajua mitambo yake ikiwa bado inanguruma. Kwa hiyo kambi moja ya watalii huko Mikumi ilipotafuta mtu wa kuwasimulia wageni habari za reli na mkonge, nilijitokeza. Meneja alikiri kwamba hajapata anayezijua habari hizo kama mimi. Kisha akasema kwamba nisipoleta cheti cha mtihani wa Kiingereza, ngazi ya mwanzo, nafasi atapewa kijana wa mjini ambaye Kilosa ameiona kwa kupita tu.

Nikajiandikisha darasa la jioni. Kwenye kibanda cha chai wastaafu wenzangu hawakunihurumia.

"Kiingereza cha nini, mzee mwenzetu? Unahamia Ulaya?"

"Nakwenda Mikumi."

"Kumbe siku hizi tembo nao wanakitaka?"

"Wanakitaka mameneja. Tembo wana adabu zaidi."

Mwalimu wetu alikuwa binti wa rika la wajukuu zangu. Alipoingia, vijana walisimama kumwamkia. Mimi nilibaki nimeketi, naye alikuja hadi kwenye dawati langu. "Shikamoo, babu." "Marahaba, mwanangu." Vijana walipokosea, aliwakatiza papo hapo. Mimi nilipojieleza, alisema, "Vizuri sana, babu," akaendelea na mwingine. Nikaamini nina kipaji.

Mtihani uliniondoa katika imani hiyo. Katika sehemu ya kuzungumza nilianguka vibaya. Nikamfuata mwalimu.

"Kila jioni ulinisifu. Nimefeli kwa lipi?"

Akatazama chini. "Babu, ulikuwa unakosea karibu kila sentensi."

"Nawe ukanyamaza?"

"Nitamwambiaje mtu mzima kwamba amekosea, tena mbele ya watoto? Nyumbani wataniuliza nimelelewa wapi."

Nilikasirika, ingawa nisingeweza kukana kwamba hivyo ndivyo nasi tulivyowalea. Nilikuwa nimeheshimiwa hadi nikanyimwa masomo, na meneja alikubali kunisubiri kwa mtihani mmoja tu zaidi.

Jioni iliyofuata mwalimu alipoingia, nilisimama pamoja na vijana, nikasema kwa sauti, "Shikamoo, mwalimu."

Darasa zima likageuka kunitazama. Kisha kijana mmoja wa nyuma akasema, "Duh! Babu ametisha!"

Binti alishika shavu. "Babu, usinifanyie hivyo. Siwezi kuitikia."

"Usiitikie. Nikosoe."

Alianza kwa kuomba radhi kila aliponikosoa. Baadaye alinikatiza bila kuomba radhi: "Hapana, babu. Rudia." Vijana walicheka, niliwaacha wacheke, nikarudia. Kwenye kibanda cha chai nikaambiwa nimejishusha kwa kumpa mtoto shikamoo. Niliwajibu, na hapa nathibitisha kwa maandishi: nilimwamkia mwalimu wangu, na ikibidi nitamwamkia tena mbele yao.

Katika mtihani wa pili mtahini, kijana aliyevaa tai, alinitaka nieleze mahali ninapoishi. Nikaeleza mto, stesheni na milima. Katikati nilikosea. Mtahini hakusema neno, wala sikungoja aseme. Nilijikatiza mwenyewe, nikarudia sentensi nzima kama nilivyozoeshwa, nikaendelea.

Nilifaulu.

Meneja alikipokea cheti, akageukia Kiingereza palepale, akinielekeza namna ya kuwakaribisha wageni. Nilimsikiliza hadi mwisho na kumwelewa. Kisha nikamjibu kwa Kiswahili kwamba wageni watasimuliwa kwa Kiingereza kama tulivyokubaliana, ila yeye na mimi tutaendelea kuzungumza kama watu tuliozaliwa mkoa mmoja.

Akacheka kidogo. "Sawa, mzee wangu. Utaanza lini?"

"Kesho asubuhi," nikasema.