Nilipoanza Kufunga Mashada

Mume wangu aliteleza kwenye mawe akiwashusha wageni kutoka kileleni, na goti lake halikupona sawasawa. Kazi ya kuongoza watalii mlimani alikuwa ameifanya tangu tukiwa wachumba. Daktari alimwambia kutembea atatembea, na majani ya ng'ombe atakata, lakini mlima ausahau. Akarudi nyumbani kwetu Machame, akasukuma viatu vyake vya kupandia uvunguni, na kwa muda mrefu hakuwa na la kusema zaidi ya habari za mvua na jua. Asubuhi alitoka uani akatazama kama mlima umefunguka mawingu, kisha akarudi ndani kukaa.

Mimi wakati huo nilikuwa napamba madhabahu ya kanisa letu. Maua niliyachuma kihambani, kwenye shamba la nyumbani, chini ya migomba na mibuni, hasa yale meupe makubwa yanayoota yenyewe kando ya mfereji. Jirani alipofiwa na baba yake nilimfungia shada la maua hayo. Ndugu zake waliokuja kuzika kutoka Dar wakauliza limenunuliwa wapi, kwa sababu yale waliyoyaona njiani, mjini Moshi, yalikuwa ya plastiki. Hapo ndipo wazo liliponiingia. Lakini kufunga shada kwa mapenzi na kulifanya biashara ni mambo mawili, na la pili sikulijua hata kidogo.

Nilianza kwa afisa maendeleo wa kata, binti mpole aliyenipokea kwa shikamoo na kunivutia kiti.

"Wazo zuri, mama," alisema. "Sasa, soko lako ni nani?"

Ningemwambia soko langu ni wafiwa? Yeye mwenyewe akatambua alichouliza, akainamisha uso.

"Nisamehe, mama. Ndivyo tulivyofundishwa kuuliza."

Baada ya hapo alinisaidia kweli. Alinishauri nisikimbilie mkopo, nianze na kilichopo nyumbani, na nipande maua kwa zamu ili miezi ya baridi na ukame isinikute bustani tupu. Niliondoka kwake nikiwa na moyo.

Moyo huo uliishia mlangoni pa jiko, alikokuwa amekaa mama mkwe wangu akipukuchua maharage. Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho.

"Mwenye duka huomba Mungu amletee wateja," alisema. "Wewe utaomba nini?"

"Sijui, Mama."

"Basi usianze jambo usilojua kuliombea."

Aliinuka akaenda zake, akaniachia ungo wa maharage. Mama si mtu wa maneno makali. Tangu nilipoolewa hakuwahi kunikataza kitu, ndiyo maana siku ile nilikaa pale kama niliyemwagiwa maji.

Mume wangu alikuwa amesikia yote. Jioni, tukiwa mezani, akasema, "Twende tukamwulize anayeishi kwa kazi za misiba." Nilimtazama. Yalikuwa maneno yake ya kwanza, tangu aumie, yaliyohusu kesho.

Tukashuka Moshi kwa fundi seremala anayechonga majeneza, mtu ambaye mume wangu aliimba naye kwaya ya vijana zamani. Karakana ilinukia mbao mbichi na vanishi. Alituketisha kwenye ubao uliolazwa juu ya matofali, maana viti hakuwa navyo vya kutosha. Nilimrudia swali la Mama kama lilivyo. Fundi aliweka randa chini.

"Siombi wateja, shemeji," alisema. "Kifo hakingoji dua yangu. Naomba nisije nikakizoea."

Akatueleza mengine, polepole. Mfiwa akija, apewe kiti kwanza. Asiulizwe marehemu amekufaje; akitaka kusema atasema. Asionyeshwe cha ghali mwanzoni, kwa kuwa siku hiyo hana nguvu ya kukataa. "Na msibani usiende kutangaza kazi. Ukienda, nenda ukalie na wenzako." La mwisho lilikuwa kwamba watu ninaowafahamu niwaelekeze kwa mwingine, la sivyo nitachoka moyo. Hilo halikunifaa. Huku kwetu juu, nani nisiyemfahamu?

Tuliporudi mume wangu alichukua panga akaenda mferejini, akakata mianzi na kuipasua nyembamba ili itumike kama fremu. Alikaa kwenye kigoda mguu wake ukiwa umenyooshwa, akakunja duara moja baada ya jingine. Mama alipita, akaona, akaingia jikoni.

Mteja wetu wa kwanza alikuwa kijana wa nyumba za juu, kule karibu na msitu. Mke wake alikuwa amejifungua, na mtoto hakukaa duniani. Nilimpa kiti. Alikaa akishika kofia yake, na nilipomwuliza anataka shada la namna gani, aliinua mikono akaonyesha ukubwa, mdogo kabisa, kisha mikono ikabaki pale hewani.

Alipoondoka mume wangu alijaribu kukunja fremu ya kiasi kile. Mwanzi ukavunjika. Akachukua mwingine, nao ukavunjika. Jasho lilimtoka, na niliona anakaribia kulia.

Mama akatoka jikoni. Alikwenda kwenye migomba, akarudi na makanja, yale maganda makavu ya mgomba, akayasokota kama kamba na kuyazungusha kuwa duara laini.

"Mtoto hafungiwi mwanzi," alisema. "Leteni maua. Meupe tu."

Akaketi kati yetu, akaanza kufunga. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vyangu. Alipofika nusu ya duara akasema, bila kumwelekea yeyote:

"Wa kwangu wa kwanza yupo pale, nyuma ya zizi. Hakuwekewa hata ua. Walisema kichanga haliliwi sana, nitapata mwingine."

Mume wangu aliacha alichokuwa akifanya. Maisha yake yote alijua yeye ndiye mzaliwa wa kwanza.

"Mama, aliitwa nani?"

"Hakuwahi kupewa jina, mwanangu."

Alichomeka jani moja la sale, mmea ambao sisi huutumia kuomba msamaha, akanipa shada. Asubuhi nililipeleka mwenyewe, nikabaki kulia na wenzangu. Baadaye yule kijana alitushushia mkungu wa ndizi.

Biashara ipo mpaka leo. Haijawa kubwa. Watu huja kutoka vijiji vya jirani, wengine hutuma oda kutoka Marangu, na yule afisa hutuunganisha na wenye harusi. Ipo miezi ya jua kali maua yanapokwisha, tukalazimika kuwarudisha watu mikono mitupu. Mume wangu hutengeneza fremu, nami hufunga. Mashada ya watoto hufunga Mama peke yake, na akiwa kwenye kazi hiyo sisi humletea maua, meupe tu.